Mkoba Mdogo wa Kamera kwa Matembezi ya Kila Siku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanamhusu mtu anayetoka kutembea akiwa na kamera, si mtu anayekwenda kazini kupiga picha, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua karibu kila jibu lililomo humu. Mpiga picha wa harusi hubeba vifaa kwa kuhofia kukosa kimojawapo wakati kinapohitajika. Mtembezi hofu yake ni kuchoka, kwa sababu mkoba ukimchosha mara mbili, mara ya tatu atauacha nyumbani pamoja na kamera iliyomo. Kwa hiyo majibu yote yanaegemea upande mmoja: mkoba mdogo kuliko ulivyodhani, unaofunguka upesi, na usioliumiza bega baada ya saa tatu.

Je, ni lazima ninunue mkoba uliotengenezwa maalumu kwa kamera?

Si lazima. Kamera hulindwa na mambo matatu: isigongane na vitu vingine, isipokee pigo begi linapotua sakafuni, na isilowe. Begi lolote unalolipenda linaweza kutimiza hayo ukilitia ndani kisanduku laini cha sponji chenye vitenganishi, ambacho huuzwa peke yake kwa ukubwa mbalimbali na huhamishika kutoka begi moja hadi jingine. Faida nyingine ni kwamba begi la kawaida halitangazi kilichomo.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Kisanduku kina kuta zake juu ya kuta za begi, hivyo hula nafasi. Na begi la kawaida mara nyingi halisimami wima, bali hulala ubavu na vilivyomo vikalundikana upande mmoja. Ukiwa na kamera moja na lenzi mbili, mkoba wa kamera halisi huwa mwembamba kuliko begi lenye kisanduku linalobeba vitu vilevile.

Kwa upande mwingine, ikiwa kamera yako ni ndogo ya kuingia mfukoni, kama Ricoh GR III yenye gramu 257 pamoja na betri na kadi, huhitaji hata kisanduku. Kifuko chembamba cha kitambaa kinatosha. Mwenye kamera ya namna hiyo anayesaka mkoba wa kamera, kwa maoni yangu, anasaka sababu ya kununua kitu.

Nitajuaje ukubwa unaonifaa?

Usianze kwa kuangalia mikoba. Anza kwa kuangalia matembezi yako matano yaliyopita. Fungua picha ulizopiga siku hizo na uangalie ni lenzi zipi zilizotumika, kwa kuwa kila picha ya kidijitali huhifadhi ndani yake taarifa za lenzi na urefu wake wa fokasi. Watu wengi wakifanya hesabu hiyo hugundua kwamba lenzi moja ilifanya karibu kazi yote, ya pili ilitoka mara mbili tatu, na ya tatu ilitembezwa tu kama mgeni. Mkoba ununuliwe kwa ajili ya zile mbili za kwanza.

Baada ya hapo viweke mezani vitu utakavyobeba, kamera ikiwa imeshafungwa lenzi unayoitumia zaidi, kisha pima kwa rula. Vipimo vitatu ndivyo vyenye maana: urefu kutoka nyuma ya kamera hadi ncha ya lenzi yenye kifuniko chake, upana wa kamera kutoka ubavu hadi ubavu, na kimo chake. Fujifilm X100V, kwa mfano, ina upana wa milimita 128, kimo cha milimita 74.8 na unene wa milimita 53.3, hivyo huingia kwenye mkoba ambao ungeweza kuudhania wa simu na pochi. Sony A7 IV ina upana wa karibu uleule, milimita 131.3, lakini ukiifunga lenzi ya FE 24-70mm f/2.8 GM II, yenye urefu wa karibu milimita 120, umbo lote hubadilika na kudai mkoba wenye kina mara mbili au zaidi. Kinachofanya mkoba uwe mkubwa ni lenzi, na wanunuzi wengi hulisahau jambo hili kwa kuwa vipimo vya kamera vinavyochapishwa ni vya kamera tupu.

Vipimo vyako vilinganishe na vipimo vya ndani vya mkoba, si vya nje. Watengenezaji wengi huandika vyote viwili, na tofauti kati yake huweza kufika sentimita 2 hadi 4 kila upande kutegemea unene wa sponji. Ongeza sentimita 1 au 2 ya nafasi ya vidole, maana kamera inayoingia kwa kubanwa hutoka kwa kuvutwa, na kamera inayovutwa kwa nguvu siku moja itakuponyoka.

Lita zinazoandikwa kwenye mkoba zinanisaidia?

Kidogo. Mikoba midogo ya matembezi huwa kati ya lita 3 na 6, na ile inayozidi lita 10 tayari ni begi la safari. Lakini lita hazikuambii umbo. Mkoba wa lita 5 ulio mrefu na mwembamba haupokei lenzi nene, ilhali wa lita 4 wenye umbo la sanduku unaipokea bila taabu. Isitoshe, wengine huhesabu mifuko ya nje na wengine hawaihesabu. Rula ni mwaminifu zaidi.

Upi ni bora: wa begani, wa kuvuka kifua, wa kiunoni au wa mgongoni?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linategemea uzito pamoja na jinsi unavyopiga picha.

Mkoba wa begani wenye mfuniko wa kukunjua, ule wa umbo la mikoba ya waandishi wa habari wa zamani, hufunguka haraka na huning'inia pale mkono unapofika bila kutafuta. Unamfaa anayebadilisha lenzi akiwa amesimama, kwa sababu mdomo wake mpana huwa kama meza ndogo tumboni. Udhaifu wake ni kwamba uzito wote hukaa upande mmoja. Hadi kilo moja na nusu hivi wengi hawahisi lolote. Ukikaribia kilo tatu, bega huanza kulalamika, shingo ikafuata, na mwisho mwenye mkoba hutembea ameinama upande kama anayebeba ndoo.

Mkoba wa kuvuka kifua wenye mkanda mfupi, unaolala mgongoni na kuzungushwa mbele unapoutaka, ndio ninaoupendekeza kwa mtembezi wa kawaida mwenye kamera moja na lenzi moja ya ziada. Umebana mwilini, haubembei ukipanda ngazi au baiskeli, na ukiwa katikati ya watu unauvuta kifuani ukauona. Hata hivyo usiuchukue kabla ya kujaribu huko kuzungusha: mikanda mingine hukwama kwenye kola ya shati, na mingine humgeuzia mwenye mkono wa kushoto zipu upande usiomfaa, kwa kuwa mingi imeshonwa kwa kumfikiria anayetumia mkono wa kulia.

Wa kiunoni unafaa kwa kamera ndogo kabisa na kwa wanaotembea mwendo mrefu, maana nyonga hubeba mzigo vizuri kuliko bega. Kasoro yake hujitokeza unapoketi.

Wa mgongoni hugawa uzito sawasawa kwenye mabega yote mawili, na kwa sababu hiyo unasifiwa sana, lakini ni mbaya kwa kamera unayotaka kuitumia mara kwa mara, kwani kila picha inakudai uvue, utue, ufungue, ufunge na uvae tena. Baada ya mara ya tano utaacha kuitoa. Ukiwa na maumivu ya mgongo au bega, chagua huo bila kusita, kisha kamera yenyewe uivae shingoni au mkononi na mkoba uwe wa vitu vingine.

Mkoba mtupu uwe na uzito gani?

Uzito wa mkoba mtupu usizidi nusu ya uzito wa vifaa utakavyovitia, na ukiweza kushuka hadi theluthi ni bora zaidi. Tuchukue mfano. Canon EOS R8 ina gramu 461 pamoja na betri na kadi, na lenzi ya RF 50mm f/1.8 STM ina gramu 160. Jumla ni gramu 621. Kuvitia vitu hivyo ndani ya mkoba wa ngozi wa kilo moja na nusu ni sawa na kutembeza mkoba uliosindikizwa na kamera. Ile Sony A7 IV yenye gramu 658 pamoja na lenzi yake ya gramu 695 inafika gramu 1,353, hivyo mkoba wa gramu 500 au 600 unaendana nayo.

Ukiuliza wenzako kuhusu uzito, pokea majibu yao kwa tahadhari. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na maoni mengi yanayosifu mkoba kuwa mwepesi yameandikwa na watu waliobeba kamera nyepesi kuliko yako au waliotembea dakika kumi.

Nichague nailoni, turubai au ngozi?

Nailoni na poliesta ndizo zinazotawala leo, nazo ni nyepesi, hukauka upesi na hazihitaji malezi. Uzito wa nyuzi zake hupimwa kwa denia, yaani gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kwa hiyo kitambaa cha denia 1,000 kina nyuzi nene kuliko cha denia 500. Namba kubwa haina maana kwamba mkoba ni bora moja kwa moja. Nailoni nene kama Cordura ya denia 1,000 huhimili misuguano ya miaka, lakini pia huweza kusugua shati jepesi hadi likachanika nyuzi upande ule ule mkoba unapolala. Kwa matembezi ya kawaida, denia 400 hadi 600 ni zaidi ya kutosha.

Turubai la pamba lina historia ndefu katika jambo hili. Mwaka 1975, Jim Domke, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer nchini Marekani, alibuni mkoba wa turubai laini uliokuja kuitwa F-2, kwa kuwa masanduku magumu ya wakati huo yalikuwa yakimchelewesha. Nchini Uingereza, kampuni ya Billingham, iliyoanza mwaka 1973, ilikuwa ikitengeneza mikoba ya wavuvi wa ndoano kabla wapiga picha hawajaigundua na kuifanya yao. Simulizi hizi mbili zinafundisha jambo moja la kiufundi: mkoba laini hujibana mwilini na kufuata umbo la kilichomo, ndiyo maana walioishi na kamera begani waliupenda kuliko sanduku. Turubai tupu hunyonya maji, hivyo hupakwa nta au hugandamanishwa na tabaka la mpira katikati ya vitambaa viwili. Lililopakwa nta hudai kupakwa upya kila baada ya muda na huweza kuacha alama kwenye nguo nyeupe siku ya joto kali. Fundi asikudanganye kuhusu hilo.

Ngozi ni nzuri machoni na huzidi kupendeza inapozeeka. Ni nzito, haipendi mvua, na mahali penye unyevunyevu huota ukungu upesi ikiachwa kabatini. Kama unaitaka, itake kwa sababu unaipenda, si kwa kuamini kwamba inalinda kamera kuliko vingine.

Mkoba ulioandikwa kwamba hauingizi maji unaweza kuaminiwa kwenye mvua kubwa?

Mara nyingi hapana. Kitambaa chenyewe huweza kuzuia maji kabisa na bado mkoba ukavuja kupitia mishono na zipu, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango. Zipu zilizofunikwa utando wa plastiki hupunguza maji lakini haziyazuii moja kwa moja. Ukiona alama za IPX, fahamu kwamba IPX4 maana yake ni kuhimili matone yanayorushwa kutoka pande zote, ilhali IPX7 ni kuzamishwa hadi kina cha mita 1 kwa dakika 30. Mikoba midogo ya matembezi yenye alama ya pili ni michache, na kwa kawaida hufungwa kwa kukunja mdomo, jambo linalokupunguzia kasi ya kutoa kamera.

Suluhisho rahisi ni mfuko wa plastiki usiotoboka, uliokunjwa na kuwekwa chini ya mkoba. Hauna uzito, hauna gharama ya maana, na umeokoa kamera nyingi kuliko teknolojia zote zinazotajwa kwenye lebo. Mikoba mingine huja na kifuniko chake cha mvua. Kihifadhi humo humo, maana kilichobaki nyumbani hakikingi kitu.

Sponji iwe nene kiasi gani?

Milimita 5 hadi 10 kwenye kuta zinatosha mkoba unaokaa mwilini. Hatari kubwa kwa mkoba mdogo ni kutuliwa sakafuni kwa kishindo, kwa hiyo sponji ya chini ndiyo ya kuchunguza. Bonyeza sehemu ya chini kwa kidole gumba; ukihisi meza upande wa pili, kamera nayo itaihisi. Vilevile angalia kama sponji ni ya chembe zilizofungika, ile inayokunjamana kidogo na kurudi upesi, kwa kuwa ile laini kama ya mto wa kiti hulala baada ya miezi na isirudi tena.

Unene uliozidi una gharama zake. Mkoba wenye kuta za sentimita 2 huwa mkubwa kwa nje na mdogo kwa ndani, nao huonekana wazi kwamba umebeba kitu cha thamani.

Zipu, bizimu, velkro au sumaku: kipi kinafaa kufungia?

Zipu ndiyo salama kuliko vyote, mradi iwe na vivuta viwili na meno yasiyokwama pembeni. Ivute kwa mkono mmoja, kamera ikiwa ndani na mkoba ukiwa umeuvaa. Zipu inayodai mkono wa pili kuushika mkoba itakuudhi kila siku. Bizimu za plastiki hufunguka kwa mkono mmoja pia, lakini mfuniko wake huacha mianya pembeni ambamo vumbi na matone hupita.

Velkro inashika vizuri na inapiga kelele. Niliwahi kuufungua mkoba wa velkro katika hafla ambayo watu wote walikuwa wamenyamaza kwa heshima, na sauti ile iligeuza vichwa vya safu tatu za mbele. Tangu siku hiyo sijanunua mkoba ambao mfuniko wake unategemea velkro pekee, ingawa kwa vitenganishi vya ndani bado ndiyo njia bora, kwa kuwa hukuruhusu kupanga vyumba upendavyo.

Sumaku hufunga kimya na upesi. Haziharibu kadi za kumbukumbu, kwa sababu kadi za kamera huhifadhi data kwa chaji za umeme, si kwa usumaku. Zinaweza hata hivyo kuivuruga dira ya simu iliyo karibu na kuharibu kadi zenye utepe mweusi wa sumaku, basi usiiweke simu wala pochi karibu na mfuniko wenye sumaku.

Kuna ajali moja inayozipita zote kwa wingi: kuuinua mkoba ukidhani umefungwa. Imenipata, lenzi ikadondoka kwenye zege na ukingo wake ukabonyea. Kama wewe ni msahaulifu kama mimi, tafuta mkoba ambao mfuniko wake ukiachwa bila kufungwa huangukia mahali pake kwa uzito wake wenyewe na kuziba mdomo.

Kamera ilazwe vipi ndani?

Iingie ikiwa imefungwa lenzi, na lenzi ielekee chini, kishikio kikiwa upande wa mkono wako. Hivyo unaishika kama utakavyoishika unapopiga picha. Hakikisha tu kwamba uzito haukai juu ya ncha ya lenzi: weka kitenganishi kidogo pembeni ili mwili wa kamera uegemee hapo na lenzi ining'inie bila kugusa chini. Kwa mkoba mwembamba wa kuvuka kifua hilo huwa gumu, na kamera hulazwa ubavu, lenzi ikielekea upande. Haina ubaya.

Mkanda wa kamera ukunjwe juu, si chini, la sivyo utautoa ukiwa umejisokota kwenye lenzi ya pili.

Naweza kutia chupa ya maji na vitu vingine humo?

Vitu vikavu, ndiyo. Maji, kamwe katika chumba kimoja na kamera. Vifuniko vya chupa hulegea kwa mtikisiko, na chupa baridi hutokwa jasho hata kama haivuji. Ukiona huwezi kutoka bila maji, chagua mkoba wenye mfuko wa chupa ulioshonwa nje, au uning'inize chupa kwenye kitanzi. Funguo na sarafu nazo zipewe mfuko wao wenye zipu, kwa kuwa ndizo zinazokwaruza skrini ya kamera.

Nibebe betri ngapi, na je, kuna sharti lolote nikisafiri kwa ndege?

Betri moja ya akiba inatosha siku ya matembezi. Isikae wazi pamoja na sarafu au funguo, kwani chuma kikigusa ncha zake mbili kwa pamoja huleta shoti na joto. Iwe kwenye kikasha chake cha plastiki au kwenye kifuko kidogo. Ndani ya ndege, betri za lithiamu za akiba husafiri na abiria chumbani, hazitiwi kwenye mizigo inayopelekwa chini. Kiwango kinachoruhusiwa bila kuomba kibali ni saa-wati 100 kwa betri, na betri za kamera ziko chini mno: NP-FZ100 ya Sony, kwa mfano, ina saa-wati 16.4.

Ninawezaje kupunguza hatari ya kuibiwa?

Ondoa lebo kubwa yenye jina la kampuni ya kamera, au uchague mkoba usionayo. Vaa mkanda ukivuka kifua badala ya kuuning'iniza bega moja, na mdomo wa zipu uelekee mwilini. Penye msongamano, mkoba uwe mbele. Ukiketi, pitisha mguu ndani ya mkanda au uufunge kwenye kiti, maana mikoba mingi huondoka wakati mwenyewe anaangalia picha alizopiga. Mikanda yenye waya ndani yake ipo, nayo huchelewesha kisu. Huongeza uzito kidogo na hukufanya uvutwe pamoja na mkoba endapo mtu ataukwapua akiwa kwenye chombo kinachokwenda, basi pima mwenyewe kipi unakihofia zaidi.

Je, niihifadhi kamera ndani ya mkoba nyumbani?

Kwa siku mbili tatu hakuna tatizo. Kwa wiki kadhaa, hapana. Mkoba uliofungwa, hasa uliotoka kunyeshewa au kulowa jasho la mgongo, hushika unyevunyevu kwenye sponji na bitana, na gizani humo fangasi hupata makao. Fangasi wa lenzi hustawi pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 60 kwa muda mrefu, na wakishaota hutoa asidi zinazokula utando wa kioo, hivyo hata lenzi ikisafishwa alama hubaki. Itoe kamera, iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana pamoja na pakiti za silika jeli zilizokaushwa, na mkoba uuache wazi mahali penye hewa. Pakiti za silika jeli zilizokwisha kushiba maji hazifanyi kazi yoyote. Zile zenye chembe za rangi hukuonyesha kwa kubadilika rangi, nazo hurudishiwa uwezo kwa kukaushwa kwa moto mdogo.

Jambo la karibu na hilo ni ukungu unaofunika lenzi ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la nje. Hewa yenye mvuke inapogusa kioo baridi hutoa matone. Hapa mkoba ni msaada mkubwa: uache umefungwa kwa dakika 20 hadi 30 baada ya kutoka, kamera ipate joto taratibu, kisha ndipo uufungue. Usiufute ukungu huo kwa shati.

Mkoba uliokwisha kutumika unafaa kununuliwa?

Unafaa sana, kwa sababu mikoba mizuri hudumu kuliko kamera. Kagua mambo manne. Nusa ndani, kwa kuwa harufu ya uvundo haiondoki kwa urahisi. Pitisha kiganja kwenye bitana na upande wa ndani wa kitambaa: ukihisi kunata, tabaka la poliurethani, yaani plastiki ya kuzuia maji, limeanza kuoza kwa unyevu na umri, na halitengenezeki. Bana vitenganishi uone kama sponji inapukutika unga. Mwisho, vuta mkanda kwa nguvu pale uliposhonwa kwenye mkoba, maana mshono huo ndio unaobeba kila kitu. Zipu iliyokufa inabadilishwa na fundi yeyote wa mikoba. Mkanda uliochakaa pia.

Nikinunua kwa mtandao bila kuushika, nifanyeje?

Kata karatasi ngumu au boksi kwa vipimo vya ndani vilivyoandikwa, ulikunje liwe sanduku, kisha utie kamera yako humo. Dakika kumi za kukata boksi zimeniepusha na mikoba miwili. Tafuta pia picha za mkoba ukiwa umevaliwa na mtu mwenye umbo linalokaribiana na lako, na uangalie urefu wa mkanda, hasa kama wewe ni mrefu au huvaa makoti mazito, kwa kuwa mkanda mfupi hauwezi kurefushwa. Soma masharti ya kurudisha kabla ya kulipa. Mkoba ukifika, utie vifaa vyako vyote, uuvae ndani ya nyumba kwa saa nzima ukiendelea na shughuli zako, na usikate lebo hadi saa hiyo iishe.

Husafishwaje?

Toa vitenganishi, upindue mkoba uutikise, kisha pitisha kifyonza vumbi kwenye pembe, kwani mchanga unaojificha humo ndio unaokwaruza lenzi. Nje futa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni laini, ukauke kivulini ukiwa wazi. Usiutie kwenye mashine ya kufulia: sponji hupinda na tabaka la kuzuia maji hubanduka. Turubai lenye nta lifutwe kwa maji baridi tu, bila sabuni.